Kutoboa upya habu za magari: Unafuu unaoweza kumfilisi mkulima

Kila msimu wa mavuno unapokaribia, gereji za pembezoni mwa miji hujaa pikapu, malori madogo na matrela yanayoandaliwa kubeba mazao. Miongoni mwa kazi ambazo mafundi huombwa kufanya ni kubadili habu za magurudumu ili zikubali rimu za aina nyingine. Gari lenye nati tano hutakiwa livae rimu za nati sita, au lenye nati nne livae rimu za nati tano.

Sababu za kufanya hivyo zinaeleweka. Magari mengi nchini yameingia yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, na kila aina ina magurudumu yake. Mfanyabiashara wa vitunguu wa Mang'ola au wa mahindi wa Kibaigwa anayepasukiwa tairi katikati ya safari hatafuti rimu nzuri, bali anatafuta ile inayopatikana. Wengine hupata rimu nne na matairi yake kwa bei ya kutupa, kisha wakagundua kuwa matundu hayalingani na ya gari lao. Wapo pia wenye pikapu na trela, ambao wangependa tairi moja la akiba litumike kote kuwili.

Haja hiyo ni ya kweli na haifai kubezwa. Tatizo lipo kwenye njia inayotumika kuitimiza. Mara nyingi fundi huchukua keekee ya mkono, akapima kwa macho, akatoboa matundu mapya katikati ya yale ya zamani, au akapanua matundu ya rimu mpaka yakawa marefu kama yai. Gari hutoka gereji likitembea, mwenye mali hufurahi, na hatari hupanda barabarani pamoja na magunia.

Jambo ambalo wakulima na wafanyabiashara wadogo wanapaswa kulielewa ni kuwa kubadili aina ya magurudumu kunawezekana, lakini ni mara chache sana kunakowezekana kwa kutoboa. Pale panapowezekana kuchagua, chombo kinachostahili kubadilishwa ni trela, si gari.

Namba mbili zinazotawala gurudumu

Kila habu ina namba mbili. Ya kwanza ni idadi ya stadi, yaani zile bolti zinazotokeza kwenye habu na kupokea nati. Ya pili ni kipenyo cha duara linalopita katikati ya stadi hizo. Watu wengi huhesabu ya kwanza na kuisahau ya pili, na hapo ndipo hasara huanzia.

Toyota Hilux zenye kuendesha magurudumu manne, Nissan Patrol na Mitsubishi L200 zina stadi sita kwenye duara la milimita 139.7, ambazo ni sawa na inchi tano na nusu. Toyota Corolla za miaka ya 1990 zina stadi nne kwenye duara la milimita 100. RAV4 na Noah zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2001 zina stadi tano kwenye duara la milimita 114.3. Land Rover Defender nayo ina stadi tano, lakini duara lake ni milimita 165.1, hivyo rimu yake haiwezi kuingia kwenye RAV4 hata kidogo.

Mfano unaowasumbua wengi ni wa Land Cruiser pikapu. Zile za zamani zinazojulikana kama HZJ75 zina stadi sita kwenye duara la milimita 139.7. Mwaka 1999 Toyota ilileta HZJ79 yenye stadi tano kwenye duara la milimita 150, na stadi zake ni nene zaidi, milimita 14 badala ya 12. Kwa mbali magari haya ni ndugu, lakini rimu ya moja haivaliki kwenye lingine. Mwenye HZJ79 aliyezungukwa na rimu za HZJ75 kijijini kwake hushawishika kirahisi kumwita fundi mwenye keekee.

Kupima namba ya pili si kazi ngumu. Kwenye habu ya stadi nne au sita, mtu hupima kutoka katikati ya stadi moja hadi katikati ya ile inayoitazama upande wa pili. Kwenye stadi tano hakuna inayotazamana na nyingine, kwa hiyo hupimwa umbali kati ya stadi mbili zilizo jirani, kisha hesabu hiyo huzidishwa kwa 1.701. Umbali huo ukiwa milimita 67.2, duara ni milimita 114.3, ukiwa milimita 88.2, duara ni milimita 150. Rula nzuri na dakika tano zinatosha kumwepusha mtu na ununuzi wa rimu ambazo hatazitumia.

Hesabu isiyoshindwa na keekee

Fundi anayesema atatoboa matundu matano kwenye habu yenye matundu manne anapaswa kwanza kuulizwa hesabu. Matundu manne hugawa duara kila baada ya nyuzi 90, na matano hugawa kila baada ya nyuzi 72. Fundi aanzie popote atakapo, lazima angalau tundu moja jipya liangukie ndani ya nyuzi 9 kutoka tundu la zamani. Kwa habu ya milimita 100 inayobadilishwa kuwa ya milimita 114.3, maana yake ni kwamba katikati ya tundu jipya na katikati ya lile la zamani pana milimita 11 tu. Tundu la stadi ya milimita 12 huwa na upana wa takriban milimita 14. Matundu hayo mawili yataungana na kuwa moja.

Kwa stadi tano kwenda sita hali ni mbaya zaidi. Hapo nafasi kubwa inayoweza kupatikana ni nyuzi 6. Kwa HZJ79 inayotafutiwa rimu za milimita 139.7, tundu jipya litakuwa umbali wa milimita 9 tu kutoka la zamani. Kwa habu ya Land Rover inayotafutiwa matundu sita ya Hilux, umbali huo ni milimita 15, wakati stadi ya Land Rover Defender peke yake ina unene wa milimita 16. Chuma kinachobaki katikati hakipo.

Baadhi ya mafundi hulijua hilo, na jibu lao ni kuziba matundu ya zamani kwa kuchomelea, kisha kutoboa upya. Jibu hilo huleta tatizo lingine. Habu na drami nyingi za breki ni za chuma cha kusubu. Chuma hicho kikichomelewa bila kupashwa moto taratibu na kupozwa taratibu, sehemu inayozunguka mchomeo huwa ngumu na yenye kuvunjika kama kigae. Ufa wake hauonekani siku ya kwanza. Huanza kama unywele, hukua kwa kila shimo la barabarani, na siku unapoonekana, gurudumu linakuwa limeshalitangulia gari.

Kwa sababu hiyo, kanuni ya kwanza ambayo mwenye gari anaweza kuibeba kichwani ni hii: idadi ya nati ikibadilika, keekee iwekwe chini.

Pale ambapo idadi haibadiliki, hesabu huwa na huruma kidogo. Habu ya stadi tano ya milimita 114.3 ikigeuzwa kuwa ya milimita 100, matundu mapya yanaweza kuwekwa katikati kabisa ya yale ya zamani, na umbali kati yao ukafika karibu milimita 34. Hapo chuma cha kutosha kinabaki. Lakini hata hivyo kazi hiyo ni ya mashine iliyofungwa imara, yenye meza ya kugawanya duara, si ya keekee ya mkono. Drami au diski ya breki nayo lazima itobolewe kwa vipimo vilevile. Na kwenda kinyume chake, kutoka duara dogo kwenda kubwa, mara nyingi hushindikana kwa sababu ukingo wa habu huisha kabla tundu halijapata chuma cha kulizunguka.

Kinachoshikilia gurudumu si stadi peke yake

Wengi huamini kuwa gurudumu huning'inia kwenye stadi kama koti kwenye msumari. Sivyo. Kazi ya stadi na nati ni kuibana rimu dhidi ya uso wa habu, na mbano huo ndio unaozuia rimu isiteleze. Mtu anayekaza nati kwa spana yenye urefu wa nusu mita, akisukuma kwa nguvu ya kama kilo 20, hufikisha takriban Nm 100, kiasi ambacho magari mengi madogo na pikapu huhitaji. Kwa stadi ya milimita 12 iliyo safi na kavu, nguvu hiyo huzaa mbano wa takriban tani 4. Stadi tano hubana kwa takriban tani 20.

Mbano huo ukipungua, rimu huanza kucheza. Inapocheza, stadi hupindwa mbele na nyuma kila gurudumu linapozunguka, kama mtu anavyopinda waya ili aukate. Stadi ya kwanza hukatika kimya kimya, mzigo wake huhamia kwa zilizobaki, na zilizobaki hazikai muda mrefu.

Ndiyo maana tundu la rimu lililopanuliwa likawa refu kama yai ni la hatari kuliko linavyoonekana. Nati haiwezi kukaa sawasawa kwenye kingo zake. Ndiyo maana pia haifai kulazimisha rimu ya duara la milimita 112, lililozoeleka kwenye magari mengi ya Mercedes-Benz, iingie kwenye habu ya milimita 114.3. Tofauti ni milimita 2.3 tu, na nati zinaweza kuingia. Lakini kila stadi huvutwa pembeni zaidi ya milimita moja, na nati huonekana imekaza wakati mbano wa kweli haupo.

Rangi nene, kutu na matope kati ya rimu na habu huleta matokeo hayohayo. Vikisagika baada ya kilomita chache, nati hulegea bila mtu kuzigusa. Gurudumu lolote lililofunguliwa linapaswa kukazwa tena baada ya mwendo wa kilomita 50 hadi 100, na nati zikazwe kwa kuvukanisha, si kwa kufuata mzunguko.

Namba zikilingana, bado hazijatosha

Hata pale ambapo idadi ya stadi na duara vinalingana, yapo mambo manne ya kutazama. La kwanza ni tundu kubwa la katikati ya rimu. Hilux na L200 zote ni sita kwa milimita 139.7, lakini tundu la katikati la rimu ya Hilux ni milimita 106, na la L200 ni milimita 67. Rimu ya L200 haiwezi kuingia kwenye habu ya Hilux. Ya Hilux inaingia kwenye L200, lakini inaachia pengo kubwa, na kazi yote ya kuiweka rimu katikati inabaki kwa nati. Pengo kama hilo huzibwa kwa pete iliyokerezwa kwa kipimo.

La pili ni meno ya stadi. Stadi za Toyota na Mitsubishi za milimita 12 zina meno yenye nafasi ya milimita 1.5, na za Nissan zina nafasi ya milimita 1.25. Nati ya gari moja huingia kwenye stadi ya lingine mizunguko kadhaa kisha hukwama. Fundi asiyejua huongeza bomba refu kwenye spana, akadhani amekaza, kumbe ameng'oa meno.

La tatu ni umbo la nati. Rimu za chuma za Toyota huhitaji nati zenye ncha ya koni, na nyingi ya rimu zake za alumini huhitaji nati za shingo ndefu zenye washa bapa. Nati ya koni kwenye tundu la washa bapa hugusa kwenye ukingo mwembamba tu. Kwa malori madogo na ya kati ya Kijapani kuna jambo la ziada: mengi ya zamani yana stadi za upande wa kushoto ambazo hukazwa kwa kuzungusha kushoto. Mtu asiyejua huzikata akidhani anazifungua.

La nne ni kina cha rimu, yaani umbali kati ya uso unaogusa habu na mstari wa katikati ya tairi. Rimu inayotoa tairi nje kwa milimita 30 huongeza mzigo kwenye beringi ya nje na hufanya usukani uvute. Rimu inayoingiza tairi ndani inaweza kugusa springi au bomba la breki gari linapokata kona likiwa na mzigo.

Njia zinazofaa

Kwa gari linalobeba watu au kukimbia barabara kuu, njia ya kuaminika ni kubadili habu nzima kwa habu nyingine ya kiwandani. Magari mengi ya kampuni moja hushirikiana beringi na ekseli, na fundi mzoefu anajua habu ya gari gani inakaa kwenye gari gani. Lakini habu haibadilishwi peke yake. Beringi, sili, diski au drami hufuatana nayo, na mara nyingine kalipa ya breki pia. Mwenye gari asikubali kuanza kazi kabla vitu vyote havijawekwa mezani na kulinganishwa.

Njia ya pili ni adapta, sahani nene ya chuma au alumini inayofungwa kwenye stadi za zamani na yenye stadi mpya za kupokea rimu nyingine. Adapta iliyotengenezwa kwa vipimo hufanya kazi. Kasoro yake ni kwamba husogeza tairi nje kwa unene wake wote, na huongeza safu ya pili ya nati ambazo hazionekani mpaka gurudumu livuliwe. Kwa mtu asiye na desturi ya kukagua nati hata zile zinazoonekana, adapta si rafiki. Ile iliyokatwa kwa grenda kutoka kwenye bati la chuma chakavu haistahili hata kujadiliwa.

Njia ya tatu, na ndiyo inayomfaa zaidi mkulima, ni kuliacha gari kama lilivyo na kubadili trela. Chukulia mkulima wa mpunga wa Mbarali mwenye Hilux ya nati sita na trela lililoundwa kwa ekseli ya Land Rover ya nati tano. Analazimika kubeba matairi mawili ya akiba, au asafiri bila akiba ya chombo kimojawapo. Kishawishi ni kulirekebisha gari lifuate trela kwa sababu rimu za zamani anazo. Hesabu ya busara ni kinyume chake.

Gari lina usukani, lina breki, linakimbia, na lina watu ndani. Trela la shambani halina usukani, mwendo wake ni mdogo, na ekseli yake ni chuma kimoja chenye ncha mbili. Ncha hizo zinaweza kubadilishwa na mkereza vyuma ili zipokee beringi na habu za Hilux, mradi ncha mpya zisiwe nyembamba kuliko za zamani na kiungo chake kifanywe na mchomeleaji anayejua kazi. Kama trela lilikuwa na breki, zibaki zikifanya kazi. Baada ya hapo tairi moja la akiba linatosha vyombo vyote viwili.

Hata hivyo, trela nalo si la kufanyiwa mzaha. Magunia 15 ya mpunga ya kilo 100 ni tani moja na nusu, na kila gurudumu la trela la ekseli moja linabeba takriban kilo 750 kabla uzito wa trela lenyewe haujahesabiwa. Kila mkulima anajua pia kuwa gunia la lumbesa halikomei kilo 100. Tofauti ni kwamba gurudumu la trela likichomoka kwenye njia ya shambani, mara nyingi hasara huishia kwenye mpunga uliomwagika. Likichomoka gurudumu la mbele la pikapu kwenye barabara ya lami, hasara inaweza kuwa roho za watu.

Ushauri huu unawahusu pia wenye matrekta madogo ya mkono, maarufu kama pawatila, ambayo yalisambazwa kwa wingi baada ya kutangazwa kwa Kilimo Kwanza mwaka 2009. Matrela yake mengi yameundwa na mafundi wa mitaani kwa habu za magari chakavu za kila aina. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na matrela kumi yenye rimu za aina sita, na likipasuka tairi la jirani hakuna wa kumwazima.

Hoja ya unafuu

Wapo watakaosema kuwa mafundi wa mitaani wametoboa habu kwa miaka mingi na magari bado yanatembea. Ni kweli kwamba mengi yanatembea. Lakini habu iliyodhoofishwa haivunjiki siku ya kutobolewa. Hungoja siku ya mzigo mkubwa na barabara mbaya. Siku hiyo ikifika, watu husema gari lilikuwa bovu au dereva alikuwa na mwendo kasi, na tundu lililotobolewa miaka miwili nyuma halikumbukwi.

Wengine watasema mkulima hana uwezo wa kununua habu nne na diski zake. Hoja hiyo ni nzito na inastahili jibu. Jibu ni kuwa katika hali nyingi mkulima huyo hahitaji kubadili habu hata moja. Rimu zisizolingana na gari lake si mali iliyopotea. Zinauzika kwa mwenye gari linalozihitaji, na fedha hizo zikanunua rimu zinazolingana. Gharama ya kutoboa, kuchomelea, kununua stadi mpya, kupoteza siku mbili gereji na kubadili beringi zilizoungua kwa moto wa kuchomelea mara nyingi hukaribia bei ya rimu nzima zilizotumika. Rahisi inavunja upishi.

Ipo pia gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu chombo kibovu kuendeshwa barabarani. Kampuni ya bima nayo, ikibaini kuwa gari lilibadilishwa bila taarifa na mabadiliko hayo yakachangia ajali, inapata sababu ya kupinga madai. Mfanyabiashara aliyekopa kwa dhamana ya gari lake anaweza kujikuta hana gari, hana mzigo, na deni lipo palepale.

Wajibu wa kila mmoja

Wauzaji wa rimu zilizotumika, kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi kwenye magulio ya wilayani, wangefanya jambo dogo lenye faida kubwa kama wangeandika kwa chaki kwenye kila rimu idadi ya matundu, kipenyo cha duara na kipenyo cha tundu la katikati. Mteja asiyerudi kudai fedha zake ni faida kwa muuzaji pia.

Mafundi nao wanapaswa kuwa na ujasiri wa kukataa kazi. Fundi anayemwambia mteja kuwa habu hii haitobolewi haonyeshi udhaifu. Anaonyesha kuwa anajua hesabu yake. Akiendelea kuzipokea kazi za aina hiyo kwa sababu jirani yake atazipokea, ajue kuwa jina litakalotajwa siku ya ajali ni lake.

SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, na VETA, inayosimamia mafunzo ya ufundi stadi, zina nafasi ya kuwafikia mafundi wa matrela kwa kozi fupi za vipimo, ukerezaji na uchomeleaji wa ekseli. CAMARTEC ya Arusha, ambayo kazi yake ni zana za kilimo na teknolojia za vijijini, inafaa kusukuma matumizi ya habu ya aina moja kwenye matrela ya wakulima. Habu ya stadi sita ya milimita 139.7 ni chaguo la kufikiriwa kwanza, kwa kuwa pikapu nyingi zinazofanya kazi vijijini tayari zinaitumia.

Vyama vya ushirika vya wakulima visisubiri taasisi hizo. Chama kinachoagiza matrela matano kwa fundi mmoja kina nguvu ya kumwambia kuwa yote yawe na habu za aina moja, na kuwa fundi aonyeshe vipimo kabla ya kulipwa. Wanachama wakifanya hivyo, akiba ya matairi mawili ghalani inaweza kuhudumia kijiji kizima wakati wa mavuno.

Na mwenye gari ambalo tayari limetobolewa asisubiri msimu uishe. Avue magurudumu yote, asafishe habu kwa brashi ya waya, kisha atazame kati ya matundu ya zamani na mapya. Akiona ufa, tundu lililoungana na lingine, alama ya kuchomelea au stadi iliyokaa upande, gari hilo lisipakiwe mzigo mpaka habu ibadilishwe. Mazao yanaweza kusubiri siku tatu ghalani.